Nyumba Inayotazama Kusini

Akuwam alikuwa amejenga nyumba nyingi kuliko mtu yeyote katika Lodwar, wahandisi wakiwemo, na hakuna hata moja aliyoiombea kibali. Kwa Waturkana nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanamke ndiye anayekata fito, ndiye anayezipinda na kuzifunga, ndiye anayeezeka kwa majani ya mkoma, na siku akichoshwa na mahali ilipo anaibomoa asubuhi na kuisimamisha hatua ishirini mbele kabla ya giza. Mwanamume ana mifugo yake ya kuringia. Kwenye nyumba hana usemi, isipokuwa kulala ndani akiruhusiwa.

Kufikia mwaka 2012 Akuwam alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kitambulisho kilisema hamsini na miwili, lakini tarehe ile aliitunga karani baada ya kumtazama usoni kwa muda mfupi. Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mwenye ulimi mkali na subira kidogo sana. Wenye hoteli walimwita awajengee vivuli vya kulia chakula, mashirika ya misaada yalimwita ayajengee vibanda vya wageni, na wake za watumishi wa serikali, waliokulia mijini na kusahau mikono yao ilikuwa ya kazi gani, walimwita kwa siri. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza ana cheti gani cha ujenzi. Akuwam akamwonyesha viganja.

Yeye mwenyewe aliishi kwenye ploti moja ng'ambo ya Kawalase, lile korongo ambalo hukauka karibu mwaka mzima kisha hujaa kwa saa moja na kubeba mbuzi wa watu. Alikuwa hapo kwa miaka ishirini na mmoja. Nyumba yake ilikuwa imehama ndani ya ploti hiyo mara sita au saba, kukwepa mchwa, kukwepa upepo, na mara moja kukwepa jirani aliyekuwa akipiga redio usiku kucha. Jirani alihamia kwingine, ukuta wa ploti yake ukabaki. Barua ya ploti ilikuwa kwa jina la Akuwam. Aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kopo, na kopo chini ya kitanda.

Mwezi wa tatu mwaka huo ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana Turkana. Vilevile kaunti, serikali mpya ya eneo hilo, ilikuwa njiani, na Lodwar ingekuwa makao yake makuu. Mara mji ukajaa watu wenye miwani ya jua wakiuliza ploti ni ya nani na mwenyewe yuko wapi. Barabara mpya ikachorwa ikipita mbele ya kwa Akuwam, upande wa mashariki. Mwezi wa sita tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya baraza la mji: kila mwenye ploti kwenye safu hiyo ajenge nyumba ya kudumu, kwa ramani iliyopitishwa, na kuta zifike linta, pale juu ya milango na madirisha, kabla ya mwisho wa Juni mwaka ujao. Asiyeweza, ploti yake ingerudishwa na kupewa mwingine.

Karani mmoja alimsomea. Walizungumza Kiturkana, kwa hiyo hakukuwa na pa kujificha.

"Mimi nina nyumba pale," Akuwam alisema.

"Ile ni manyatta, mama. Wanataka ya kudumu."

"Kudumu ni nini?"

"Ni ile haiwezi kutolewa mahali ilipo."

"Na mchwa wakija?"

Karani akamwita aliyefuata kwenye foleni. Akuwam alirudi nyumbani akiwa amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu alijua vizuri watu wenye miwani ya jua wanafanya nini na ploti ya mjane. Akiipoteza ile, hakuwa na nyingine. Angerudi kwa ndugu wa marehemu mumewe kule Lokiriama, kwenye mpaka wa Uganda, akaishi kwa kuomba maziwa.

Mwezi wa nane alikuwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, akimjengea Adeng kivuli cha hoteli. Adeng alikuwa mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyeuza chai na asida, ugali wa kwao, kwenye soko la kambini. Akuwam alipomweleza habari za ramani, Adeng alifuta mikono kwa leso.

"Mbona wewe nasumbuka? Malual iko. Yeye nachora kanisa, nachora shule, hata choo nachora. Enda kwake, mwambie Adeng ndio ametuma."

Malual alikuwa kijana wa Kidinka mwenye miguu mirefu isiyoingia vizuri chini ya meza yoyote. Alisomea uchoraji wa majengo kwenye chuo cha ufundi kambini, na mwalimu wake alimfundisha mambo mawili ambayo hakuyasahau: mstari usiokatika, na mshale wa kaskazini. Ramani isiyo na mshale wa kaskazini, mwalimu alisema, ni karatasi ya kufungia mandazi. Mshale unakaa juu, unatazama juu. Kwa nyumba ndogo isiyo na ghorofa ofisi ya Lodwar ilikubali mchoro wa mtu kama yeye, mradi afisa wao aukague.

"Mama, nyumba unataka namna gani?" Malual aliuliza, penseli mkononi.

Akuwam hakujua kuchora, wala hakuona sababu ya kuchora kitu ambacho angeweza kukijenga. Alitoka nje, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akavunja vijiti, na ndani ya nusu saa akasimamisha nyumba yenye urefu wa mkono. Vyumba viwili, sebule, madirisha, na mlango ulioachwa wazi kwenye ukuta mrefu. Mlango aliuweka upande wa jua linakotoka. Hakufikiria. Katika maisha yake hakuwahi kufikiria, maana kwake nyumba kutazama mawio lilikuwa jambo la kawaida kama chungu kuwa na mdomo juu.

Kivuli cha asubuhi kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa upande huohuo wa mlango, chini ya ukingo wa bati la jirani. Malual akaketi hapo, mbele ya mlango ule mdogo. Aliona mama amemgeuzia mlango, akadhani ni heshima, kama mwenyeji anavyomfungulia mgeni. Akapima kwa rula, akaandika, akachora alichokiona kama alivyokiona: mlango chini ya karatasi, ukuta wa nyuma juu. Alipomaliza alichora mshale wa kaskazini juu, unatazama juu. Kisha akaunakili mchoro huo ndani ya mpaka wa ploti, kama ulivyokuwa kwenye barua ya Akuwam, na hapo mshale wa kaskazini ulikuwa wa kweli.

Akuwam aliporudi kutoka kunywa chai kwa Adeng aliitazama karatasi. Aliona vyumba vyake viwili, sebule yake, madirisha yake, mlango wake. Kila kitu kilikuwepo. Alimsifu, naye Malual akaona haya.

Safari ya karatasi hiyo ofisini ilichukua miezi mitano, na si lazima kuisimulia yote. Afisa wa afya aliuliza choo kiko wapi. Choo kikaongezwa. Afisa wa mipango alikuwa likizo, na aliporudi faili ilikuwa imekwenda kwa afisa wa ujenzi, ambaye naye aliirudisha kwa sababu haikuwa na sahihi ya yule aliyekuwa likizo. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa jina la mjenzi. Akuwam alitaja lake. Karani akacheka kwa adabu, akaandika Longor, jina la fundi wa mawe ambaye angeajiriwa. Akuwam alikumbuka nyumba zote alizojenga akamtazama karani mpaka karani akainamisha kichwa na kujifanya anatafuta pini.

Januari 2013 kamati ilikaa, ikapitisha, na muhuri mwekundu ukagongwa kwenye nakala zote tatu. Mkaguzi wa ujenzi ndiye aliyemkabidhi yake. Jina lake lilikuwa Ejore, kijana wa Lokiriama aliyesoma Nairobi na kurudi na tabia ya kuvaa tai kwenye joto la Lodwar. Alikuwa mpole na mwangalifu, na mambo haya mawili yalimchelewesha sana kazini.

"Sasa jenga, mama," alisema. "Lakini kama ilivyo hapa. Usiongeze, usipunguze."

Akuwam alijenga kama anavyojenga. Aliwaita wanawake wanne aliokuwa akifanya nao kazi miaka yote, wakaja na majembe na sururu. Alipanga msingi mwenyewe, kwa kamba na vigingi, mlango ukitazama barabara mpya na jua linakotoka. Vipimo alivishika kichwani tangu siku ya vijiti, na havikupungua hata inchi. Longor alipofika na mwiko wake alikuta mitaro imechimbwa, imenyooka, pembe zimekaa sawa. Alifungua ramani akahesabu vyumba na upana wa kuta. Mshale hakuuangalia. Mafundi wengi hawauangalii, maana nyumba wanaikuta imeshapangwa.

Kufikia uchaguzi wa mwezi wa tatu mistari miwili ya mawe ilikuwa imelala ndani ya msingi. Watu wakapiga kura, kaunti ikazaliwa, na ile kamati ya kupitisha ramani ikamaliza muda wake. Ofisini watu walizunguka wakiulizana wao sasa ni wa nani. Ejore aliambiwa aendelee kukagua zilizokwishapitishwa mpaka aambiwe vingine. Wiki mbili baadaye akaja kwa Akuwam na faili kwapani.

"Ejok, mama," alimsalimu.

"Ejok, mwanangu. Njoo uone."

Ejore aliona. Alizunguka msingi mara moja, akatoa dira ndogo mfukoni, akazunguka tena. Akafungua ramani, akaigeuza, akairudisha ilivyokuwa. Longor aliacha kuchanganya simiti.

"Nani alipanga huu msingi?" Ejore aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini mlango uko huku?"

Akuwam alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yako chini. "Ungekuwa wapi?"

"Kwenye karatasi unatazama kusini. Ule ukuta wa jirani."

"Kusini?" Akuwam alicheka. "Nani anaweka mlango kusini? Mwizi?"

Ejore hakucheka. Alichuchumaa mchangani akamwonyesha mshale, akaeleza maana yake, akamwonyesha mlango uko upande gani wa mshale. Alieleza mara mbili. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu kutoka kaskazini kwenda kusini, na karatasi ilitaka iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Vyumba vilikuwa sawa, vipimo vilikuwa sawa, ila nyumba nzima ilikuwa imegeuka robo.

"Basi rekebisha karatasi," Akuwam alisema.

"Hakuna wa kurekebisha. Kamati haipo. Iliyogongwa muhuri ni halali, lakini mpya hakuna wa kuigonga, na sijui ni lini atakuwepo."

"Basi andika umeiona, iko sawa."

Ejore alifunga faili. "Mama, ile ya mama yangu kule Lokiriama inatazama huku huku. Najua unachosema. Lakini ikifika linta mimi ndiye naweka sahihi kwamba inafanana na ramani. Hawa wapya wa kaunti watafungua kila faili. Na kuna watu wanasubiri kosa kama hili. Watasema nyumba hii haina kibali, na ploti haijajengwa."

Hakumtaja mtu. Hata hivyo siku hiyo hiyo gari moja lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa nusu, na Longor aliliona pia. Ejore akaandika kwenye kitabu chake kwamba kazi isimame, akaondoka taratibu, akijikwaa kwenye rundo la mawe.

Akuwam aliona aibu zaidi kuliko hasira. Nyumba za watu alizijenga zote bila kukosea hata kigingi, na yake mwenyewe, ya kwanza kuandikwa, ilikuwa imekosewa. Siku iliyofuata alipanda gari la Kakuma.

Malual alipoiona ramani na kusikia habari, alikaa chini. Alijaribu kukumbuka ile asubuhi. Alitoka nje, akasimama pale alipokuwa ameketi, akatazama jua, na midomo yake ikafunguka.

"Mama, mimi nilifikiri unanipa mlango. Kwa heshima."

"Nikupe mlango kwa nini? Wewe ni jua?"

"Pole, mama. Wallahi, pole sana." Alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, lakini kiapo cha Kiarabu cha Juba kilimtoka hivyo. Akaichukua karatasi akaigusagusa kwa kidole mahali pa mshale. Kisha akafungua droo akatoa wembe.

Alieleza kwa sauti ya chini. Karatasi ile ilikuwa ngumu, wino ungekwanguka bila kuacha alama. Angeufuta mshale mdogo kwenye mchoro wa nyumba, angegeuza mpangilio kwenye mpaka wa ploti, mistari minne tu, muhuri usiguswe. "Dakika kumi, kalas, imekwisha. Zile nakala zingine umesema ziko kwa boksi, wanahamisha ofisi. Hakuna mtu atafungua."

Akuwam alitamani. Hakuna haja ya kumpamba. Alikuwa na macho ya kuona kazi kabla haijafanyika, na aliiona: mshale umelala upande, mlango umerudi mahali pake, Ejore anatia sahihi huku anashukuru. Alikaa na wazo hilo mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

"Na boksi likifunguliwa?" aliuliza.

Malual alijibu polepole. "Mimi ndio nimechora."

"Watakufanya nini?"

"Mimi ni mkimbizi, mama." Alikuwa kambini kwa miaka kumi na mmoja, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watu wanaosubiri kuitwa kwenda nchi nyingine. Mtu mwenye jina kwenye orodha kama ile hukwepa hata ugomvi wa foleni ya maji.

"Weka wembe," Akuwam alisema.

Malual aliuweka. Akafunga droo na kuibonyeza mara mbili, na Akuwam akamwonea huruma, kisha akakasirika kwa kumwonea huruma, kisha akamwambia ukweli uliokuwa ukimkera tangu Lodwar. Kwamba hakuna fundi aliyewahi kumfanyia kazi bila yeye kusimama nyuma yake akimwangalia. Siku ile ya kuchora yeye alikwenda kunywa chai kwa Adeng. Angesimama pale, angemwuliza hivi vimistari vinatazama wapi.

Ndani ya gari la kurudi alifikiri juu ya maneno ya Ejore. Karatasi haikuwa na wa kuigeuza. Ofisi haikuwa na wa kuigeuza. Katika jambo lote hilo kitu kimoja tu ndicho kingeweza kugeuka, na ndicho kitu alichokuwa akigeuza tangu akiwa msichana.

Alipofika hakuingia hata ndani. Alikwenda kuwaita wale wanawake wanne. Longor alikuta wanang'oa mawe.

"Mama, simiti imekauka!"

"Simiti ya wiki tatu ndiyo inakutisha?"

"Nyumba ya mawe haihamishwi! Si hizo zenu za majani."

"Wewe shika mwiko," Akuwam alisema. "Ukiambiwa weka, unaweka."

Walitumia siku tatu. Mawe yaligongwa yakaachana, yakasuguliwa simiti ya zamani, yakapangwa pembeni. Mitaro ya zamani ikafukiwa na kushindiliwa kwa miguu. Mitaro mipya ikachimbwa robo ya mzunguko kutoka pale, mmoja wa wanawake akiimba na wengine wakiitikia kwa majembe. Watu wa barabarani walisimama wakitazama nyumba ya mawe ikigeuzwa kama kibanda cha kuchunga mbuzi, na lile gari lenye kioo cha nusu likasimama pia, likakaa, likaenda. Safari hii Akuwam alimwita Ejore kabla ya jiwe la kwanza. Ejore akaja na dira, akalala kifudifudi mchangani na tai yake, akapima, akainuka akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Ni sawa," alisema. "Mama, ni sawa kabisa."

Wanawake walipiga vigelegele. Akuwam hakupiga. Alikuwa amesimama mahali ambapo mlango ungekuwa, akitazama ukuta wa jirani ulio hatua kumi mbele, bloku tupu zisizopakwa chochote, na mahali ambapo mtu mmoja alikuwa ameandika namba ya simu kwa mkaa.

Kuta zilifika linta tarehe ishirini na mbili Juni. Ejore alitia sahihi. Ploti mbili kwenye safu ile zilirudishwa mwezi uliofuata na kupewa watu ambao hakuna aliyewajua. Ya Akuwam haikuguswa.

Mwezi wa kumi, mabati yalipokuwa juu na mlango wa chuma umekwisha kupakwa rangi, Ejore alileta barua ya mwisho. Ilikuwa na nembo mpya ya kaunti, wino bado unanukia. Alimsomea yote wakiwa wamesimama ndani ya sebule, kwa sababu viti havikuwa vimenunuliwa bado. Ilisema kwamba nyumba imejengwa sawasawa na ramani, na kwamba inaruhusiwa kukaliwa.

"Kwa hiyo ni yangu," Akuwam alisema.

"Ni yako, mama. Hakuna wa kukutoa hapa. Hata wajukuu wako hakuna wa kuwatoa."

"Naweza kuigeuza?"

Ejore alidhani anatania. Alipoona hacheki, akaikunja barua taratibu akaiweka ndani ya bahasha. "Hapana, mama. Hii haigeuki tena."

Akuwam alizungusha macho kwenye kuta. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli, maana hofu ya mwaka mzima ilikuwa imemtoka mabegani na aliweza kuhisi mahali ilipokuwa imekaa. Alikuwa na huzuni pia. Kila nyumba aliyowahi kuwa nayo aliweza kuifungua kwa mikono yake, kifundo kwa kifundo. Hii ya sasa angekufa akaiacha imesimama ikitazama ukuta wa watu. Aliigonga kwa kiganja, na mlio wake ulikuwa mfupi.

"Basi nitazunguka mimi," alisema.

Ejore hakuelewa, lakini kwa kuwa alikuwa mpole aliitikia kwa kichwa, akaaga.

Tangu siku hiyo, wanaopita barabara mpya alfajiri kwenda kazini humwona. Hufungua ule mlango wa chuma upande wa kusini, hutoka na kigoda, hupita pembeni mwa nyumba yake akishika ukuta kwa mkono mmoja, huja upande wa mashariki ambako hakuna mlango, huketi na kuegemeza mgongo kwenye mawe. Hukaa hapo kimya mpaka jua limpate usoni. Wapangaji waliohamia ploti ya jirani si watu wa huku, na kwa miezi kadhaa walidhani ni mama wa watu aliyefungiwa nje.